Jumamosi: tunakutania Baker Street

Habari za jioni, ndugu zangu. Shikamooni wakubwa.

Matembezi ya watoto yako palepale, Jumamosi saa 4 asubuhi, ila mahali pa kukutana pamebadilika. Siyo tena Edgware Road, kituo cha treni za chini ya ardhi hapa London. Vituo viwili vina jina hilo, kimoja cha njia ya Bakerloo na kingine cha njia ya Circle, na ni rahisi watu kusubiriana huku na kule. Baker Street ni kimoja, na njia tano zinapita hapo: Bakerloo, Circle, Hammersmith & City, Jubilee na Metropolitan.

Tutaanzia jukwaa la 5. Hapo treni zimepita tangu 1863, reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilipofunguliwa. Waonyesheni watoto yale matundu makubwa kwenye kuta za matofali: ndimo moshi wa injini za mvuke ulimotokea. Natamani sana wayaone. Baadaye, chai kwenye bustani ya Regent's Park.

1. Mchango ni paundi 5 kwa familia, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Kila mtu mzima na kadi yake ya kulipia nauli, aiguse anapoingia na anapotoka. Watoto chini ya miaka 11 husafiri bure wakiwa na mkubwa.
3. Asiyeweza ngazi, au mwenye kigari cha mtoto, aniambie mapema tupange basi.

Tafadhali jibuni hapa "Nipo", pamoja na idadi ya watoto, kabla ya kesho usiku. Asanteni sana.