Omo ndefu ya yoti za zamani haikuchongwa kwa urembo

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu yoti za zamani za mbio ilikuwa na picha za kuvutia sana, lakini maelezo yaliyo chini ya picha hizo yamewapotosha wasomaji. Mmeandika kwamba omo (ncha ya mbele ya chombo) iliyonyooka mbele, mbali na maji, na tezi (ncha ya nyuma) inayoning'inia nyuma yalikuwa mapambo ya matajiri. Sivyo. Umbo lile lilitokana na kanuni ya kupimia vyombo vya mashindano. Mpimaji alipoacha kitu bila kukipima, mchoraji alikichukua hicho hicho akakitumia mpaka mwisho.

Tuanze Uingereza, katikati ya karne ya 19, kwa kipimo cha klabu ya Royal Thames. Yoti ilipewa fidia ya muda kulingana na tani zake, yaani ukubwa uliokadiriwa kwa hesabu wala si uzito wake, na tani zilipatikana hivi: toa upana kwenye urefu, zidisha kwa upana, zidisha tena kwa nusu ya upana, kisha gawanya kwa 94. Nusu ile ya upana ilisimama badala ya kina. Hakuna aliyekipima kina chenyewe. Sasa fanya hesabu. Chombo cha futi 40 chenye upana wa futi 10 ni karibu tani 16. Punguza upana uwe futi 8, urefu ubaki ule ule, hupati hata tani 11. Futi mbili tu, na karibu theluthi ya tani imeyeyuka kwenye karatasi, ilhali baharini chombo ni kirefu vile vile.

Wachoraji wakaanza kubana mbavu. Chombo chembamba hulala upesi upepo unapokaza, kwa hiyo farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo, iliyokuwa ya madini ya risasi, ilitolewa ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) ikafungwa chini ya mkuku, ule mti mkuu wa chini, na kina kikaongezwa kwa kuwa hakikutozwa chochote. Kanuni ilibadilishwa baadaye ikawa jumla ya urefu na upana, ijizidishe yenyewe, izidishwe kwa upana na kugawanywa kwa 1730. Haikuponya kitu. Mwaka 1886 ikaundwa yoti Oona: kwenye mstari wa maji, pale maji yanapokomea ubavuni, futi 34, upana futi 5 na nusu. Weka tarakimu hizo kwenye kanuni, utapata tani 5, ingawa chombo chenyewe kilibeba risasi ya tani zaidi ya 9. Farumi nzito kiasi hicho, ikiwa chini sana, huyavuta mataruma (mbavu za chombo) na mbao zilizo jirani na mkuku kila wimbi linapopita, na chombo chembamba hakipandi wimbi, hulipasua na kupita ndani yake. Oona ilipotea mwaka huo huo pwani ya Ireland, na mchoraji wake, William Evans Paton, akafa nayo.

Ndipo Waingereza wakaiacha tani. Kanuni mpya ilizidisha urefu wa mstari wa maji kwa eneo la matanga na kugawanya kwa 6000. Upana ukawa huru, vyombo vikapata kifua tena. Marekani nao walikuwa wakipima mambo hayo hayo mawili kwa hesabu yao. Lakini mstari wa maji ulipimwa chombo kikiwa kimesimama wima kwenye maji tulivu, na hapo ndipo ilipozaliwa ile omo mliyoiita pambo.

Mchoraji Nathanael Herreshoff wa Bristol, Rhode Island, Marekani, aliitoa yoti Gloriana mwaka 1891: karibu futi 45 kwenye maji, futi 70 kutoka omo hadi tezi. Upepo ukiilaza, sehemu za mbele na nyuma zilizokuwa hewani huzama, na urefu unaobeba chombo huongezeka bila mpimaji kuuona. Faida yake inahesabika. Mwendo wa chombo cha aina hii, kwa noti (maili za baharini kwa saa), hukomea karibu na 1.34 mara kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa futi. Futi 45 hutoa noti 9. Zikifika 55 kwa kulala, unakaribia 10. Kwenye mbio za saa tano hizo ni karibu maili tano za baharini. Hasara yake huonekana kwenye mawimbi ya mbele: omo pana na bapa hupiga maji kwa kishindo mpaka mbao zikaachana, na uzito wowote uliowekwa kwenye ncha huzidisha kuchupa.

Reliance ya 1903, ya Herreshoff huyo huyo, iliufikisha mwanya huo ukingoni: chini kidogo ya futi 90 kwenye maji, zaidi ya 140 kwa jumla, na matanga ya futi za mraba 16,000. Ilishinda Kombe la Amerika, na baada ya msimu ule mmoja haikushindana tena. Herreshoff mwenyewe ndiye aliyetunga dawa, kanuni iliyouweka uzito wa chombo chini ya mstari wa kugawia, ili anayeunda chombo kizito asiadhibiwe. Yoti kubwa za daraja la J, kumi tu zilizoundwa kati ya 1930 na 1937, ni watoto wa kanuni hiyo.

Ulaya walikubaliana London mwaka 1906, na nadhani wao ndio waliofanya la maana zaidi: kanuni yao iliambatana na masharti ya Lloyd's, shirika la kukagua ubora wa vyombo, kuhusu unene wa mbao na mataruma. Ndiyo maana yoti nyingi za mita 6, 8 na 12 za miaka ile bado zinaelea. Na tafadhali sahihisheni pia picha ya tatu: "mita 12" ni jibu la hesabu. Chombo chenyewe kina karibu mita 20.

Mchoraji Mmarekani Olin Stephens alitokea kwenye yoti hizo za mita 6 alipochora Dorade, iliyoelea 1930: futi 52 kwa jumla, 37 kwenye maji, upana futi 10 na inchi 3. Ilishinda mbio za Atlantiki za 1931, lakini ilikuwa nyembamba mno na iliyumba sana kwenye upepo wa nyuma. Stormy Weather ya 1934 akaipa futi 12 na nusu, nayo ikashinda mbio za Atlantiki na mbio za Fastnet mwaka mmoja, 1935.

Masanduku yenye honi juu ya sitaha ya Dorade, mliyosema ni ya kupigia ishara, ni ya hewa, kazi ya mdogo wake, Roderick. Honi, yaani bomba lenye mdomo mpana kama tarumbeta, huingiza hewa na maji upande mmoja wa sanduku. Bomba la kuteremka chumbani husimama upande wa pili, mdomo wake ukiwa juu sana ya sitaha, na maji hutokea matundu ya chini pembeni. Bomba likiwa fupi au likiwekwa chini ya honi moja kwa moja, maji hushuka ndani. Matundu yakizibwa na rangi, sanduku hujaa na vitanda hulowa.

Fundi wa mashua,
Mombasa