Mstaafu si lazima afuge kuku

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Siku hizi mtu akistaafu tu ushauri ni ule ule, fuga kuku wa mayai, nunua bodaboda umpe kijana akuletee hesabu, jenga fremu upangishe, na magazeti nayo yanaandika hivo hivo. Sikatai, hela za kiinua mgongo zinaisha na hicho kikokotoo, ile hesabu ya kukokotoa mafao, mnakijua wenyewe, ila sijasikia anayemuuliza mstaafu we mzee unapenda kufanya nini.

Mimi nachora. Nilikua mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga na waliosoma kwetu watakua wanaikumbuka ile ramani ya Afrika ukutani na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula pembeni ya ofisi ya mwalimu mkuu, zile ni kazi zangu. Miaka yote nlichora vya kuagizwa, nembo, bango la kumkaribisha mgeni rasmi, na kila kitu kinatakiwa jana. Nilipofika 60 nikapumzishwa kwa mujibu wa sheria, nikaanza kama wengi wanavyoanza, twiga, tembo, Kilimanjaro kwa nyuma. Wageni walikua wanauliza bei halafu wanaaga vizuri tu. Na kwani twiga gani kawahi kupita Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga?

Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa michoro ya wanyama ya aina hiyo, namheshimu sana, na tunasahau kwamba Edward Saidi Tingatinga kabla ya kwenda Dar aliwahi kufanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge huku huku kwetu. Kaanza kuchora 1968, kauawa 1972, miaka minne tu. Alikua anatumia hadibodi na rangi ya baiskeli, na rangi ile haitaki kuchanganywa ikiwa mbichi, unapaka moja ikauke ndo unaleta nyingine, ndo maana rangi kwenye zile picha zimeachana wazi wazi. Mi nnachotafuta ni kingine. Naitaka ile bahari ya Raskazone alfajiri maji yakiwa yamekupwa, tope ukilitazama haraka unasema kijivu kumbe ndani kuna zambarau, na mikoko inaonekana nyeusi na wala sio nyeusi. Sasaivi natumia marikani, naiwamba kwenye mbao, napaka rangi nyeupe ya ukutani niliyochanganya na gundi ya mbao, ikikauka napiga msasa, halafu ndo rangi ya mafuta nyembamba nyembamba tabaka juu ya tabaka. Masika inachelewa mno kukauka, basi nasubiri, si nina muda. Nyeusi ya kopo nimeiacha kabisa, giza la mikoko nalipata kwa bluu na kahawia.

Na nachora pale pale tu, kila siku upya. Jirani anauliza mwalimu hujamaliza tu, wajukuu wanadai mtumbwi umesogea (kweli umesogea, mwenyewe alienda kuvua). Mkono umeanza kutetemeka, ule mstari wa bango ulionyooka siuwezi tena ila kwenye maji mtetemo huo unanisaidia kuliko rula.

Msanii George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii pale Dar, kama mlinzi, na uzeeni kisukari kikasababisha akatwe miguu, bado aliendelea na sanaa yake mpaka karibu na kifo chake 2005. Mimi miguu yote ninayo alafu mnaniambia nikalinde banda la kuku!

Ombi langu ni dogo. Bagamoyo wenzetu wana chuo cha sanaa cha TaSUBa na tamasha la kila mwaka, sisi huku jiji lina majengo ya zamani kibao, halmashauri itupe chumba kimoja tu hata mwisho wa mwezi tutundike picha watu wapite waone, wanunue wasinunue shauri yao. Na nyie mkiandika tena habari za wastaafu mtume mwandishi aje atuulize wenyewe. Misumari nitakuja nayo.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga