Bei za magari ya spoti ya zamani zikishuka, hilo nalo liandikwe

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia habari za magari ya spoti ya zamani katika gazeti lako, na nimeona kwamba magari haya hupewa nafasi pale tu rekodi ya mnada inapovunjwa. Msomaji asiyeijua biashara hii hubaki akiamini kwamba bei zake hupanda tu, na kwamba mwenye akiba akinunua moja leo amejihakikishia faida. Nimeyakarabati magari haya kwa miaka mingi na nayapenda kwa dhati, ndiyo sababu inaniuma habari yake inapotolewa nusu.

Tuchukue Ferrari 250 GTO, gari la mashindano la Kiitaliano ambalo hutajwa kuliko mengine yote. Yalitengenezwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964, na jipya liliuzwa Marekani kwa dola 18,000 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mzee Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alipokuwa amefariki (Agosti 1988) na mikopo ikipatikana kwa urahisi, hasa Japani, magari hayo yalivuka dola milioni 10. Kisha uchumi wa Japani ukayumba, walanguzi wote wakataka kuuza kwa wakati mmoja, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 gari la aina hiyo hiyo, lenye injini ile ile na sifa zile zile za mashindano, liliweza kupatikana kwa takriban dola milioni 3.

Wapo walioumia bila hata kuwa na gari mkononi. Jaguar ilipoonyesha XJ220 mwaka 1988, watu walipanga foleni kuweka amana ya pauni 50,000 kila mmoja, wengi wao wakikusudia kuliuza kwa faida siku watakayokabidhiwa. Gari lilipokuwa tayari mwaka 1992, injini ya silinda 12 iliyoahidiwa ilikuwa imebadilishwa kuwa ya silinda 6 yenye tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu), bei ilikuwa imepanda, na soko lilikuwa limekwisha kuporomoka. Baadhi ya wanunuzi walikimbilia mahakamani ili wajinasue, na magari yaliyotengenezwa hayakufika 300. Ni gari zuri sana, nalo lilibeba lawama za tamaa ambayo haikuwa yake.

Hata rekodi za siku hizi zina sura mbili. Mwezi Novemba 2023, 250 GTO moja la mwaka 1962 liliuzwa New York kwa dola milioni 51.7, na vichwa vya habari vikashangilia. Ni wachache walioandika kwamba wauzaji walitarajia zaidi ya milioni 60. Wakati huo riba zilikuwa zimepanda, na fedha zilizokuwa zimefurika mnadani wakati wa janga la korona zilikuwa zimeanza kupungua.

Bei hizi husukumwa pia na mambo yasiyohusiana kabisa na ubora wa gari. Mtu hununua kile alichokitamani akiwa kijana, kwa hiyo kizazi kilichoyatamani magari ya miaka ya 1950 kinapozeeka na kuyauza, wanunuzi hupungua, huku yale ya miaka ya 1980 na 1990 yakigombewa. Sheria nazo zina nguvu yake: Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini bila kutakiwa kukidhi viwango vyake vya usalama, na ndiyo maana Nissan Skyline GT-R, gari la Kijapani, lilianza kusakwa huko kila toleo lake lilipokaribia umri huo.

Kisha kuna gari lenyewe, ambalo halionekani kwenye picha ya gazeti. Niliwahi kuletewa Jaguar E-Type jekundu, limeng'arishwa hata unajiona usoni. Nililala chini yake na tochi, nikagonga chuma cha chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi, nikasikia sauti butu ya puti mahali palipopaswa kulia chuma. Rangi mpya ilikuwa imefunika kutu tupu. Namba iliyogongwa kwenye injini haikulingana na ile ya kwenye hati za kiwandani, yaani injini haikuwa ile ya asili, na hilo peke yake hupunguza thamani kwa kiasi kikubwa. Mwenye gari alikuwa amelipa bei ya gari kamili, na fedha za ukarabati hakuwa nazo tena. Sikupata namna nyepesi ya kumwambia.

Nakuomba basi, Mhariri, kila mtakapoandika juu ya mnada, mtueleze pia makadirio yaliyotolewa kabla yake, kamisheni ya wapiga mnada iliyojumuishwa katika bei iliyotangazwa, na magari mangapi yalirudi na wenyewe kwa kukosa mtu wa kufikia bei ya chini waliyojiwekea. Pale inapojulikana muuzaji alinunua kwa kiasi gani na mwaka gani, mtupatie na hilo, maana aliyenunua mwaka 1990 na aliyenunua mwaka 1995 walikuwa na gari moja na hesabu mbili tofauti kabisa.

Wako mwaminifu,
Fundi na msomaji wako wa siku nyingi