Zuhura, kabla mama hajapanda basi nitafutie majina ya dawa zilizowahi kumdhuru

Zuhura shoga yangu,

Mbukwa! Za Mbagala, shemeji hajambo, Ramla kikohozi kimeisha? Huku tuko wazima, upepo wa Dodoma ndo ule ule, ukifagia asubuhi ikifika saa nne vumbi lote limesharudi ndani, na maji wiki hii tunayavizia usiku. Salamu zingine tutapeana baadaye maana nimesikiliza ile voisi yako mpaka mwisho na kuna kitu kimenikaa rohoni.

Kwanza mama kupangiwa operesheni hapa Dodoma, hospitali ya Mkapa, nimefurahi sana, lile goita limemtesa, akilala chali anakosa pumzi, ni wakati sasa. Atafikia kwangu Nkuhungu, chumba kipo, hilo tusiliongelee tena. Kilichoninyima raha ni pale ulipopitisha haraka haraka, eti daktari akiuliza kuhusu aleji mwambie mama ana aleji na dawa nyingi, halafu ukahamia kwenye nauli. Dawa nyingi zipi Zuhu? Atakayesimama naye pale hospitali ni mimi, na daktari wa usingizi akifungua faili anataka jina la dawa, anataka kujua ilifanya nini na baada ya muda gani. "Dawa nyingi" haimsaidii kitu, na haimsaidii mama.

Jana nikampigia mama mwenyewe huko Kondoa. Si unamjua mama, alianza na kuku, akaja kwenye mtama, mwisho ndo tukafika kwenye dawa. Akanitajia tatu: vidonge vichungu vya malaria vya zamani, vidonge vya tumbo, na sindano ya ile zahanati. Jina hakumbuki hata moja.

Nang'ang'ana na majina kwa sababu ya kaka yangu Yona. Najua ulisikia kaka ana matatizo ya ngozi ila yote hukusimuliwa. Miaka na miaka alikuwa anatokwa na doa, moja kwenye mdomo wa chini upande wa kushoto, lingine mkononi kati ya kidole gumba na cha shahada. Linaanza kwa kuwaka na kuwasha, panakuwa pekundu pa zambarau, panavimba, mara nyingine pananyanyuka lengelenge, baada ya siku kadhaa panakauka na kubaki peusi ti, duara kabisa kama limechorwa na kifuniko cha soda. Likififia kidogo anashangaa limerudi, tena pale pale, halisogei hata nusu kidole. Mama mkwe wake akasema karogwa, wengine wakasema anavuta sigara kwa siri, la mkononi eti kaungua na pasi. Na kulikuwa na lingine sehemu ambayo sikuandikii, hilo ndo lilileta balaa, maana wifi alijua kaletewa ugonjwa wa zinaa na ndoa ikataka kuvunjika kwa kitu ambacho Yona hakukifanya. Alipaka kila mafuta yaliyopo hapa mjini.

Aliyemfumbua macho ni dada mmoja wa famasi karibu na soko la Majengo. Yona kaenda kununua tyubu nyingine, yule dada badala ya kumuuzia akamwangalia mdomo, akamuuliza, kaka, kabla halijatokea hilo ulimeza nini, siku ile ile au jana yake? Yona hana hili wala lile, ila wifi alikuwa pembeni, akakumbuka kwamba kila tumbo likimharisha huwa anapitia duka la dawa muhimu pale mtaani anachukua Septrin, na doa linatokea siku hiyo hiyo au kesho yake. Wakaenda kwa daktari wa ngozi, hakupimwa hata damu, daktari alikaa naye akamhoji mwanzo mwisho, kila tukio na dawa iliyotangulia, akamwambia ni aleji ya Septrin, ndiyo inayorudi mahali pale pale kila ukiimeza. Tangu aiache hakuna doa jipya, na yale ya zamani yanafifia taratibu.

Sasa sikiliza hapa ndo penye jambo. Septrin ni jina moja tu, hiyo dawa inauzwa kwa majina kibao, ukitaka kuijua unasoma yale maandishi madogo kwenye boksi, co-trimoxazole, au sulphamethoxazole na trimethoprim. Hiyo sulphamethoxazole ndo salfa yenyewe. Na Fansidar, hizi SP wanazopewa wajawazito kliniki, nayo ina salfa, Metakelfin pia. Yona kaambiwa zote hizo azikae mbali na asijaribu hata kipande kuona kama bado, maana aleji ikichokozwa mara nyingine inarudi na nguvu zaidi. Kaandikiwa kikadi, anakiweka nyuma ya kitambulisho cha NIDA, kina jina halisi la dawa, mwaka, na kilichotokea. Hicho kikadi ndo nakitaka kwa mama.

Baada ya simu ya mama nikaenda kumkalia Mama Jose, alikuwa katoka zamu ya usiku masikini lakini unamjua ukimgusa kwenye mambo ya uuguzi usingizi unakwisha. Tukazichambua hizo tatu moja moja.

Vile vidonge vya malaria ni klorokwini bila shaka. Mama anasema alikuwa akimeza anajikuna mpaka anatumia gunzi, usiku hakuna kulala. Wazee wetu wengi walipata huo muwasho, ilikuwa ni tabia ya ile dawa kwenye miili ya watu wengi wa Afrika, sio aleji ya kumzuia mtu asipewe dawa zingine za malaria. Serikali yenyewe iliitoa kwenye matibabu ya kwanza mwaka 2001 ikaweka SP, halafu mwishoni mwa 2006 ukaingia mseto. Nimemuuliza mama mseto kashawahi kunywa, kasema mara nyingi na hakuna kitu. Basi hiyo tumeielewa, ataisema ilivyo na daktari ataiandika ilivyo.

Vya tumbo, kwa maelezo yake, mdomo unakuwa na ladha ya chuma, kichefuchefu, anatapika. Hakuna vipele, hakuna kuvimba. Mama Jose anahisi ni Flagyl, na hayo ni maudhi yake ya kawaida, wengi tunayapata. Ila kuhisi sio kujua, ndo maana nataka boksi au daftari.

Sindano ndo inayoniogopesha. Ni ule mwaka tunasubiri matokeo ya form four, shangazi Halima ndo aliyempeleka. Alitoka chumba cha sindano, hajafika hata kwenye benchi la nje, viganja vikaanza kuwasha, midomo ikajaa, akawa anahema kama mtu wa pumu, akaanguka. Na pale zahanati wakamnyanyua wakamkalisha, wakampa Piriton, alipopata nafuu wakamruhusu atembee kwenda nyumbani. Zuhu, nikifikiria hilo nakasirika mpaka leo! Mama Jose alishika kichwa. Mtu wa hali ile analazwa chini miguu juu, labda pumzi ikimbana sana ndo anakalishwa, hasimamishwi wala hatembezwi kwa sababu presha imeshuka, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini, sindano ya paja kwa nje, mtu mzima nusu miligramu na inarudiwa baada ya dakika 5 kama bado. Piriton inatuliza muwasho, koo linaloziba na presha iliyoshuka haiviwezi. Halafu anabaki kuangaliwa kwa masaa kwa sababu hali inaweza ikarudi hata kama ilishatulia. Mama yetu alirudi kwa miguu yake na hakuna aliyemwambia alichomwa nini.

Inaweza ikawa penisilini, inaweza ikawa diclofenac ya maumivu, maana alikwenda na homa na mgongo. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Kabla ya operesheni huwa wanachoma antibayotiki ya kuzuia usaha, mara nyingi zile za jamii ya seftriaksoni ambazo ni ndugu wa mbali wa penisilini, wengi wenye aleji ya penisilini wanazipata bila shida ila daktari anataka kujua ile ya kwanza ilikuwa kali kiasi gani ndo aamue. Na baada ya operesheni dawa ya maumivu ya kawaida ndo hiyo hiyo diclofenac. Kwa hiyo tusipojua, ama wanamnyima vyote viwili, ama wanampa kile chenye hatari. Unaona kwa nini sitaki "dawa nyingi"?

Najua utaniambia bora tuseme zote tu tuwe salama. Hapana. Angalia Happy alivyoteseka, aliandikiwa aleji ya penisilini akiwa mchanga kwa sababu ya vipele vilivyotokea akiwa na homa, na vipele vya watoto vingi vinaletwa na virusi wenyewe, matokeo yake kila akiugua anapewa dawa kali zaidi na za bei. Huko Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 kaandikwa ana aleji ya penisilini, ila wakipimwa vizuri zaidi ya 9 kati ya 10 wanakutwa wanaivumilia. Na hata waliokuwa nayo kweli, karibu 80 kwa kila 100 inakuwa imeshaondoka baada ya miaka 10. Kupima kwenyewe kunafanyika hospitali, wanachoma kidogo kwenye ngozi wanaangalia, halafu wanampa dozi ndogo huku vifaa vya dharura viko karibu. Sio kitu cha kujaribishia sebuleni.

Kuna na aleji za dawa zinazochelewa, siwezi kuacha kukwambia baada ya yaliyompata mtoto wa mzee Chisunga. Alianzishiwa vidonge vya kifafa, wiki mbili hivi akapata homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, wakasema surua, ngozi ikaanza kuuma na kubabuka kama kamwagiwa uji wa moto. Kapona, ila macho hayajawa sawa. Kwa hiyo mama akianza dawa mpya yoyote nitamwangalia hata akirudi Kondoa, mtu akiwa na homa na vidonda mdomoni au ngozi inayouma ndani ya zile wiki nne za mwanzo anakimbizwa hospitali na dawa zake mkononi, hapakwi kitu.

Halafu kuna hili. Mwezi uliopita si uliniambia mama aliamka midomo imevimba mkasema kaumwa na siafu? Nimelirudia rudia hilo usiku kucha. Siku hizi si anatumia dawa ya presha? Ni ipi? Kuna enalapril na captopril, hizo zinaweza zikavimbisha midomo na ulimi bila vipele wala muwasho, hata kama mtu amezinywa miezi mingi bila shida. Na mtu mwenye goita linalobana koo halafu ulimi uvimbe... sitaki hata kumalizia. Naomba sana, hili lisisubiri safari, kesho asubuhi mtu ampeleke na vidonge vyake kwa daktari pale Kondoa aangaliwe. Asiache dawa kienyeji maana presha ikipanda ni hatari na operesheni itaahirishwa, daktari ndo ambadilishie. Ila akivimba tena ni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Nilisahau, yule dada wa famasi alimjazia Yona na fomu ya njano ya TMDA, wale mamlaka ya dawa, ile ya kuripoti madhara ya dawa. Tukishajua sindano ya mama nitauliza kama na yenyewe inaripotiwa baada ya muda wote huu.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa voisi, andika ili nimwonyeshe daktari. Lile daftari la zahanati la mama bado lipo kwenye lile sanduku la bati au lilipotea mlipohama? Shangazi Halima ana namba gani, na anakumbuka ile sindano ilikuwa nyeupe kama maziwa au ya maji, alichomwa kwenye msuli au kwenye mshipa, na alipewa na vidonge? Tangu siku ile mama ameshakunywa amoksilini au Ampiclox, hizo za jamii ya penisilini, na akawa salama? Diclofenac je, au Ibuprofen? Ana pumu? Ile mitishamba ya mzee wa Pahi bado anakunywa, na ya nini? Nani anampeleka kesho, wewe utampigia Swalehe au nimpigie mimi? Unaweza kumwambia apige picha kila boksi la dawa lililoko ndani, upande wenye maandishi madogo, hata zilizoisha muda? Na wewe unakuja na treni siku ngapi kabla, nikuwekee mlenda au umeshakuwa mtu wa pwani?

Msalimie shemeji, mbusu Ramla.

Wako,
Sechelela