Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Farmville na Yaliyofuata

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na wazee wetu mliokaa viti vya mbele: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wengine wote, habari za mchana.

Kwa desturi taarifa hii huanza na ada, na hilo nitalimaliza upesi. Waliolipa wanajijua, wasiolipa wanajijua zaidi, na Mama Mhazini amebandika karatasi ya majina karibu na sufuria la pilau, mahali ambapo hakuna atakayepita bila kuiona. Darasa la Kiswahili la Jumamosi halikukatika ila zile wiki za theluji. Msiba tulipata mmoja, michango ilitimia, marehemu akasafirishwa nyumbani; ahsanteni sana. Ukumbi huu umepanda bei tena.

Ninalotaka tukae nalo leo ni safari ya vijana kwenda Farmville, katika jimbo la Virginia, Marekani, na ugomvi uliozuka baadaye.

Wengi wetu tumepita Farmville mara nyingi tukielekea Lynchburg, na hatukuwahi kusimama hata kununua maji. Pale kuna jengo la matofali lisilo na ghorofa, lililokuwa Shule ya Sekondari ya Robert Russa Moton, iliyojengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi weusi wa Kaunti ya Prince Edward. Leo ni makumbusho. Ukumbi wa mikutano wa shule bado upo, na ndani ya ukumbi huo tuliwaketisha watoto wetu.

Shule ilikusudiwa wanafunzi 180. Kufikia mwaka 1951 walikuwa zaidi ya 450. Halmashauri ya shule ya kaunti, ambayo wajumbe wake wote walikuwa Wazungu, badala ya kujenga iliwasimamishia mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi ya lami. Watu waliyafananisha na mabanda ya kuku, na hawakukosea. Ndani kulikuwa na jiko moja la kuotea moto: aliyekaa karibu nalo alitokwa jasho, aliyekaa mbali hakuvua koti. Paa lilivuja, na mvua ikinyesha mwanafunzi aliandika huku mwavuli umefunguliwa juu ya daftari. Madarasa mengine yalifanyika katika ukumbi, zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kuna darasa lililofundishwa ndani ya basi bovu. Hakukuwa na maabara, bwalo wala jumba la michezo. Shule ya Wazungu katika mji huohuo ilikuwa na bwalo na jumba la michezo pia.

Hadi hapo binti yangu alikuwa akiangalia simu. Sisi wengine tuliosoma shule za bweni nyumbani tulikuwa tukitazamana kimya, maana paa linalovuja si hadithi ya kigeni kwetu. Kilichotushangaza ni jambo jingine. Shule ile, pamoja na umaskini wake wa majengo, ilikuwa na baraza la wanafunzi, kwaya, kundi la maigizo na mdahalo. Barbara Johns, msichana wa miaka 16, alikuwa ndani ya hayo yote. Kwaya na mdahalo vilimpeleka kwenye shule za miji mingine, akaona kwamba wanafunzi weusi wa kwingineko wana majengo ya maana. Akarudi na donge. Alipomlalamikia mwalimu wake wa muziki, Inez Davenport, mwalimu alimuuliza kwa nini basi asifanye jambo.

Akafanya. Aliwatafuta wachache aliowaamini, akiwamo Carrie Stokes, rais wa baraza la wanafunzi, na kaka yake John. Walikutana kwa siri kwa miezi kadhaa, na siri haikuvuja. Hebu fikirieni, wanachama: sisi kamati ya watu wazima tukiamua kitu saa nne usiku, asubuhi kimeshafika Nairobi, Bukavu na Dar es Salaam.

Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu, Boyd Jones, alipigiwa simu kwamba wanafunzi wake wako matatani kwenye stendi ya mabasi mjini. Akaondoka mbio. Huku nyuma kila darasa likapokea kijikaratasi kinachoita mkutano wa shule nzima, kimetiwa saini ya herufi moja tu, J, kama alivyozoea kusaini mwalimu mkuu. Jones huanza na J. Johns pia huanza na J. Sasa mtu aseme ni uongo au si uongo.

Pazia la jukwaa lilipofunguliwa, aliyesimama pale hakuwa mwalimu mkuu. Ni Barbara. Aliwaomba walimu watoke ukumbini, na wachache waliosita walisindikizwa na wanafunzi. Akavua kiatu, akakigonga mbele yake mpaka ukumbi ukatulia. Ndipo akawaeleza wenzake kile ambacho kila mmoja wao alikuwa akikiona kila siku asubuhi. Wakatoka wote, wakagoma hadi tarehe 7 Mei.

Hapo mwongozaji wa makumbusho alitulia kidogo, na mtoto mmoja wa darasa la kati akauliza kama yule dada alichapwa. Wazazi tulicheka, lakini lilikuwa swali zuri. Hakuchapwa. Ila msalaba ulichomwa moto kwenye uwanja wa shule, na wazazi wake wakamhamishia Alabama, mjini Montgomery, kwa ndugu wa baba yake, Vernon Johns, aliyekuwa mchungaji wa kanisa ambalo baadaye lilimchukua Martin Luther King. Mwalimu mkuu naye alipoteza kazi yake.

Siku ileile ya mgomo walizuka wanafunzi waliotaka wazazi waombwe ruhusa kwanza. Mchungaji Francis Griffin wa kanisa la First Baptist, aliyekuja kuwasikiliza, hakuwaamulia. Aliwaambia wapige kura. Wakapiga, wengi wakataka kuendelea. Barbara na Carrie wakawaandikia barua wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, mjini Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson. Wanasheria walikuja wakiwa wamekusudia kuwaambia warudi darasani. Walipowasikiliza, wakageuza maneno: tutawatetea, lakini msiombe shule mpya ya weusi, ombeni ubaguzi wenyewe uondoke. Tarehe 23 Mei kesi ilifunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117, ikabeba jina la aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, Dorothy Davis, wa darasa la tisa. Ni mojawapo ya kesi tano zilizounganishwa kuwa Brown dhidi ya Halmashauri ya Elimu, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954. Katika hizo tano, ni hii peke yake iliyoanzishwa na wanafunzi wenyewe.

Ingekuwa hadithi ya kuwalaza watoto, ningeishia hapo. Lakini kaunti ile, ilipobanwa itii hukumu hiyo ya kukomesha ubaguzi shuleni, mwaka 1959 ilizifunga shule zote za umma. Miaka mitano. Watoto wa Wazungu walifunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi takriban 1,700 wakabaki bila shule. Wapo waliopelekwa kwa ndugu mikoa mingine, wapo waliofundishwa kanisani, na wapo ambao hawakurudi tena darasani maisha yao yote. Shule zilifunguliwa tena mwaka 1964 kwa amri ya mahakama. Mzee wetu mmoja wa Uvira, ambaye wanawe walipoteza miaka ya masomo kambini, alisimama mbele ya picha za miaka ile muda mrefu kuliko sisi sote, na kwenye basi hakuzungumza mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa ugomvi.

Jumamosi ya pili baada ya safari, ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la walimu wetu: madarasa yote yakutane ukumbini saa nne, wazazi wabaki jikoni. Umetiwa saini "M/kiti". Mimi mwenyewe niliusoma nikiwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, nikajiuliza nimeuandika lini. Nilipofika, nilikuta vijana wameketi kwa utaratibu, wana ajenda, wana katibu, na M/kiti ni mwenyekiti wa baraza la vijana, ambaye kweli ni mwenyekiti. Walitaka mambo matatu: wapewe fungu lao katika bajeti, wapate viti viwili kwenye kamati, na darasa la Jumamosi liache kuimba ngeli kila wiki na lianze kujadili mambo.

Nimepokea simu nyingi tangu siku ile. Mzazi mmoja aliniambia tumewalipia watoto basi wakajifunze mgomo. Mwingine alisema huku ni kukosa adabu, na nyumbani wangeona. Namheshimu, lakini nyumbani nilikuwepo. Nilikuwa kiranja. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi na kuipeleka ofisini, na niliifanya vizuri mno. Kuna watu hadi leo hawanisalimii. Katika miaka yote ile hakuna siku hata moja niliyopeleka ofisini jambo lililotoka kwa wanafunzi. Kiranja alikuwa mkono wa mwalimu. Farmville nimeona kiongozi wa wanafunzi anayebeba neno la wanafunzi, na nimeona kwamba hakulipata siku ya mgomo. Alikuwa ameshazoea kusimama mbele ya watu, kuendesha kikao na kutunza siri, kwa sababu shule ile maskini ilimpa nafasi ya kufanya hivyo kwenye mambo madogo kwanza.

Sisi baraza letu la vijana tumelipa kazi gani? Kugawa soda, kupanga viti, kuzoa sahani. Kwenye taarifa yangu ya mwaka jana niliwasifu kwa "moyo wa kujitolea". Naifuta sentensi hiyo.

Kuhusu ule ujumbe wa M/kiti, nimezungumza nao na wameomba radhi kwa walimu waliokatishwa somo. Kwangu hawakuomba radhi, na sikudai.

Basi, hoja namba nne kwenye karatasi zenu ni viti viwili vya vijana kwenye kamati, wenye haki ya kupiga kura, na fungu dogo watakalolitolea hesabu wenyewe kwa Mama Mhazini. Kamati ilipoijadili iligawanyika sawasawa, nami sikutaka kura yangu iamue jambo hili peke yake, ndiyo maana limeletwa kwenu. Msimamo wangu mmeshausikia. Wanaopinga watapewa nafasi kamili, na naomba wasizomewe.

Katibu wa vijana amesimama pale mlangoni na karatasi yake mkononi tangu nilipoanza kusoma. Jamani, mpisheni apite.