Trekta la zamani lisiuzwe kwa kilo kabla mtoto hajashiriki kulifungua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya shule ya mwezi Juni. Wiki chache kabla ya likizo hiyo, mnunuzi wa vyuma chakavu alifika nyumbani kwangu hapa Karatu, akalizunguka mara mbili trekta la marehemu baba yangu lililokuwa limesimama chini ya mgrivea kwa miaka 11, akataja bei yake kwa kilo. Ni Massey Ferguson 135, lenye uzito wa karibu tani moja na nusu, na fedha aliyoitaja haikuwa ndogo kwa mzee asiye na mshahara. Nilikuwa nimekwisha kukubali. Aliyenizuia ni mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 12, ambaye aliuliza mbele ya yule mgeni: “Babu, trekta hili lilikufa ugonjwa gani?” Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kulifungua. Baba aliugua, trekta likaegeshwa, na sisi wanawe tukazoea kusema kwamba limekufa.

Ninachowaomba wasomaji wako ni hiki: kabla ya kuliuza kwa kilo trekta lililosimama uani, lifungueni kwanza pamoja na mtoto wa nyumba hiyo, wakati mzee anayelifahamu angali hai. Katika wilaya zetu za Karatu, Mbulu na Babati, ambako trekta limelima mashamba ya ngano, mahindi na maharage tangu enzi za baba zetu, matrekta ya namna hiyo yanajulikana kwa kila mpita njia. Kila moja linaloondoka juu ya lori la vyuma chakavu linaondoka na somo ambalo hatutaweza kulinunua tena.

Trekta hili si la kuogopwa. Lilianza kuundwa mwaka 1964 katika mji wa Coventry, Uingereza, na likaendelea kuundwa huko hadi miaka ya 1970. Injini yake ya dizeli, iliyobuniwa na kampuni ya Perkins, ina silinda tatu na ujazo wa lita mbili na nusu, wala haina kompyuta wala kifaa chochote cha kielektroniki kinachohitaji mtaalamu kutoka mbali. Injini ya aina hiyohiyo ilitumika baadaye katika Massey Ferguson 240, na ndiyo maana vipuri vyake nilivipata Arusha bila kuagiza nje. Kila ugonjwa wa injini hii unaweza kuonekana kwa macho, kusikika kwa sikio au kuguswa kwa kidole, na hicho ndicho mtoto anachokihitaji ili aelewe.

Kazi ilianza kwa kungoja, na nadhani hapo ndipo mjukuu wangu alipojifunza zaidi kuliko popote. Injini ilikuwa imekamata. Pistoni zilikuwa zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu. Kijana mmoja wa jirani alishauri tulivute kwa trekta jingine mpaka liachie, na nilimkatalia, kwa kuwa nguvu ya namna hiyo huvunja ringi za pistoni na pengine hupinda mkono wa pistoni wenyewe. Tulifungua nozo zote tatu, yaani vifaa vinavyorusha dizeli ndani ya silinda, tukamimina katika kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyekundu ya usukani, nusu kwa nusu, kisha tukafunika matundu kwa vitambaa safi. Tulifungua pia stata, na kupitia tundu lake tukayaona meno ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Mjukuu wangu alitia alama ya chaki kwenye jino moja. Kila asubuhi na kila jioni nilisukuma meno hayo taratibu kwa bisibisi nene, mbele kidogo na nyuma kidogo, naye akachungulia na kuandika katika daftari lake: “Siku ya kwanza, halikusogea. Siku ya pili, halikusogea.” Siku ya nne alitaka tuongeze nguvu, nikamweleza kwamba kutu haishindani na nguvu bali inalainishwa na muda. Jioni ya siku ya sita lile jino la chaki lilisogea upana wa kidole, na mtoto yule alikimbia hadi jikoni kumwita bibi yake aje ashuhudie jino moja la chuma.

Baada ya hapo tuligeukia njia ya dizeli. Tenki lilitoa maji ya rangi ya chai na matope laini yaliyoziba filta kabisa. Tulisafisha tenki, tukabadilisha filta, kisha tukaanza kazi ya kutoa upepo, ambayo ndiyo inayowashinda wengi na kuwafanya waamini kwamba pampu imekufa. Injini ya dizeli haiwaki ikiwa kuna hewa ndani ya mabomba, kwa sababu hewa hubonyea pale ambapo dizeli ingesukuma. Kwa hiyo mtu huanzia upande wa tenki na kuelekea kwenye injini: hubonyeza kwa kidole mkono mdogo wa pampu ya kuvutia, hulegeza bolti ya juu ya filta mpaka mapovu yaishe, hukaza, huhamia kwenye skrubu za pampu kubwa, na mwisho hulegeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozo wakati stata inazungusha injini. Mjukuu wangu, ambaye kila siku humwagilia bustani ya sukuma kwa mpira, alisema kwamba ni kama pale mpira unapokohoa kabla maji hayajatoka sawasawa. Sijawahi kusikia fundi yeyote akieleza vizuri kuliko hivyo.

Tulipima pia uwazi wa valvu. Injini hii ikiwa baridi huhitaji milimita 0.30, na mafundi hupima kwa vibati vyembamba wanavyoviita fila. Shuleni mtoto huyu alikuwa ameandika desimali kwa miaka miwili bila kuzigusa. Nilimpa fila mkononi, nikamwambia apitishe katikati ya valvu na mkono unaoibonyeza, na asikie inavyokwaruza kidogo bila kukwama. Kisha akaenda mwenyewe kulinganisha na karatasi za daftari lake, akarudi kuniambia kwamba milimita 0.30 ni karibu karatasi tatu. Tangu siku hiyo nukta ya desimali kwake ina unene.

Siku ya kumi na tisa trekta liliwaka. Lilitoa moshi mweupe mwingi, likatetemeka, na halikukaa sawa, lilikuwa likichechemea. Hapo nilimwonyesha njia ya zamani ya kumtafuta mgonjwa: injini ikiwa inaunguruma polepole, unalegeza nati ya bomba la nozo moja baada ya nyingine. Ukilegeza nozo nzima, mlio hubadilika na injini hulegea. Ukilegeza ile iliyo mbovu, hakuna kinachobadilika, maana silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Kazi hiyo niliifanya mimi peke yangu, naye akasimama mbali akisikiliza na kunyoosha mkono mlio ulipobadilika. Silinda ya pili haikubadilisha chochote. Tulipofungua nozo yake, ni yeye aliyechungulia ndani ya tundu kwa tochi na kuona kwamba kulikuwa na washa mbili za shaba, yaani pete bapa za kuziba uvujaji, moja juu ya nyingine. Fundi wa zamani alikuwa ameweka washa mpya bila kuitoa ya kale, na kwa sababu hiyo nozo haikukaa mahali pake na mgandamizo ulikuwa ukivuja. Huenda baba yangu alilima misimu kadhaa kwa silinda mbili na nusu bila kujua. Tulitoa washa zote mbili, tukaweka moja mpya, na jioni hiyo trekta liliunguruma kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho nilipokuwa kijana.

Nimeambiwa na watu wawili ninaowaheshimu kwamba hiyo ni ajira ya watoto na kwamba haifai. Nalichukua neno hilo kwa uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona watoto wakiachishwa shule kwenda kuchunga na kupalilia mashamba ya wengine. Lakini mjukuu wangu hakuwa na shamba lililomngoja, hakukaa penye trekta zaidi ya saa mbili kwa siku, na siku alipotaka kucheza alikwenda kucheza. Ilikuwa kazi yangu, naye alikuwa mwanafunzi wangu. Anayeona tofauti hiyo ni ndogo na aje aone daftari lake.

Kuhusu hatari sitaki kuwa mwepesi. Dizeli inayotoka kwenye nozo ina msukumo mkubwa kiasi cha kupenya ngozi na kuingia mwilini, na aliyepatwa na jambo hilo hupelekwa hospitali mara moja hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, na hunasa kanga, shuka au mkono wa sweta kabla mtu hajapiga kelele. Kwa hiyo mtoto hasogei karibu nayo hata siku moja injini ikiwa inawaka, na mavazi yake huwa ya kubana. Matrekta haya ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva yanapopinduka. Nawasihi wazazi wa vijijini, ambao kila msimu huwaacha watoto wakae juu ya madigadi wakati wa kulima, waache kabisa desturi hiyo. Mjukuu wangu alikaa kwenye kiti cha dereva injini ikiwa imezimwa tu, na hataendesha mpaka awe mtu mzima.

Historia ya nchi yetu inaonyesha gharama ya kuwa na mashine bila mikono inayozijua. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, wakaleta matrekta ambayo mengi yalikuwa yamekwisha kutumika, mengine yakiwa masalio ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Udongo mkali wa Kongwa ulikula majembe, mafundi hawakutosha, mitambo ikasimama porini, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Miaka ishirini baada ya mpango huo kuanza, sera ya Elimu ya Kujitegemea ilirudisha shamba ndani ya shule, jambo ambalo kizazi changu kilifaidika nalo sana. Lakini tulipewa jembe la mkono, na trekta la kijiji likabaki mali ya dereva mmoja. Dereva huyo alipohama au kufariki, trekta nalo lilisimama. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafanya kazi njema, nami nina kijana wa ndugu yangu aliyepita huko, lakini vinampokea mtu akiwa amekwisha kuamua kwamba mashine ni yake au si yake. Uamuzi huo, kwa wasichana hasa, hufanywa mapema zaidi, na mara nyingi hufanywa na watu wengine kwa niaba yao.

Nina ombi kwako pia, Mhariri. Kitabu cha maelekezo cha trekta hili ninacho, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi ambacho mtoto wa darasa la sita hawezi kukisoma na ambacho hata mimi hunichosha. Hata hivyo maneno yote tuliyoyahitaji yamo katika Kiswahili cha gereji: nozo, filta, rejeta, stata, klachi, fila, kutoa upepo. Gazeti lako huchapisha kurasa za michezo kila siku. Ningefurahi kuona, walau mara moja kwa mwezi, ukurasa wa matengenezo ya mashine za shambani wenye michoro na maelezo ya hatua kwa hatua, ulioandikwa na mafundi wenyewe kwa lugha wanayoitumia. Wazee na viongozi wa vijiji, ambao baadhi yao wana trekta bovu nyuma ya ofisi, wanaweza kumwalika fundi mmoja mstaafu na wanafunzi wachache wakati wa likizo, nao hawatahitaji bajeti zaidi ya oili, filta na vitambaa.

Trekta letu bado halijatoka uani. Diski ya klachi ilikuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu, nayo imeachia. Lakini breki hazijafunguliwa, na trekta lisilo na breki halishuki mteremko wa Karatu. Kazi hiyo imewekwa likizo ya Desemba, na mchoro wa gurudumu la nyuma umekwisha kuandaliwa. Pamoja na barua hii naambatisha nakala za kurasa nne za daftari la mjukuu wangu, zinazoeleza namna ya kutoa upepo na namna ya kupima valvu. Ukiona zinafaa kuchapishwa, nakuomba usizisahihishe sana, na usiweke jina lake, kwa kuwa yeye bado ni mtoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima mstaafu,
Karatu, Arusha