Matembezi ya Jumamosi: Mtwara mjini hadi Mikindani

Assalaam aleykum, na habari za jioni ndugu zangu.

Matembezi yapo palepale. Tunakusanyika Jumamosi saa 12 kamili asubuhi, kabla jua halijawa kali, kuchangia utafiti wa kizunguzungu kinachotokana na matatizo ya ndani ya sikio.

Wengine mmeniuliza sikio linahusikaje na kizunguzungu. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, na jirani yake vijiwe vidogo sana vya chokaa. Hivyo ndivyo vinavyouarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka au kimeinama. Vijiwe vikihama na kuingia kwenye mfereji, mtu akijigeuza tu kitandani anaona dari inazunguka. Daktari anayejua hukigeuza kichwa kwa hatua maalumu, na wengi hupata nafuu bila dawa. Lakini ugonjwa wa Ménière, ulioelezwa na daktari Mfaransa Prosper Ménière mwaka 1861, mpaka leo hauna tiba ya kuumaliza. Mtu anatapika, sikio linavuma, na usikivu unapungua. Hapo ndipo watafiti wanahitaji nguvu yetu.

Na tafadhali, tuache kusema fulani kalewa au ana majini. Kuna mama hapa Shangani anashika ukuta mpaka afike uani, na uraka, pombe ya mabibo, hajawahi kuuonja. Inaniuma sana.

Michango mpeni mweka hazina, ataweka orodha humu kila jioni. Mlioahidi baada ya kuuza korosho, tumeshawaandika. Wasioweza kutembea wapande bajaji watukute Mikindani. Maji kila mtu abebe yake.